Wenzangu wanataka biriani, mimi nataka kuwapikia rotlo ya bibi yangu

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Dar es Salaam, na mama yangu naye kazaliwa hapa hapa. Asili yetu ni Kathiawad, ile rasi ya Gujarat inayotazama bahari kama sisi. Wazee wetu walitoka Porbandar. Ninaishi Upanga na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe. Jambo langu ukilisoma harakaharaka utasema huyu hana shida, anaitafuta. Ni chakula cha jioni moja ya Jumamosi.

Ofisini tuko wanawake tisa tuliozoeana. Tangu mwaka jana tumejiwekea utaratibu: kila mwezi mmoja wetu anawakaribisha wenzake nyumbani, anapika chakula cha kwao, tunakula, tunapiga soga, ikifika saa nne usiku kila mtu anashika njia. Hakuna mchango wala sare. Nimekula papa wa nazi kwa dada wa Kilwa, mtori kwa Mchaga wetu, na kwa mwenzetu wa Pemba nilikula pweza mpaka nikaona haya.

Januari ilikuwa zamu ya mwenzetu wa Dodoma. Akatupikia ugali wa uwele na mlenda. Wengine wakamtania kwamba ugali una rangi ya saruji. Mimi sikucheka, kwa sababu alipofunua sufuria harufu ile ilinichukua hadi jikoni kwa Ba, bibi yangu mzaa mama. Rotlo ni mkate wa uwele, shangazi. Ba aliukanda unga kwa kiganja, akaupigapiga mkononi mpaka ukawa duara, akauoka juu ya kikaango cha udongo bila tone la mafuta. Juu yake siagi nyeupe na kipande cha sukari guru. Pembeni biringanya la kuchoma, chatne ya kitunguu saumu iliyotwangwa na pilipili nyekundu, kitunguu kibichi kilichopondwa kwa ngumi. Hicho ndicho chakula chetu. Nilikula matonge matatu, nikaenda chooni nikalia. Sikumwambia mtu.

Sasa zamu yangu ni mwezi ujao. Kusema kweli ilikuwa zamani, nimebadilishana na wenzangu mara mbili kwa kusingizia watoto wanaumwa. Kwenye grupu letu wameshaanza: "Safari hii biriani la Kihindi lenyewe," "Mimi nafunga tangu Alhamisi," na mwingine, "Usituletee majani tu." Niliwahi kwenda ofisini na khichdi, wali uliopikwa laini na choroko, mmoja akaniuliza kama naumwa tumbo.

Mume wangu anasema, "Agiza kwa mpishi, wale, iishe." Mama mkwe ni mfuasi wa Swaminarayan, njia mojawapo ya dini ya Kihindu. Jikoni kwake nyama haijawahi kuingia, wala kitunguu, wala kitunguu saumu. Nilipomdokeza habari ya rotlo akaguna: "Watasema Wahindi wa Upanga wanakula chakula cha wachunga mbuzi."

Lakini kuna kingine, na hiki ndicho kinachoninyima usingizi. Kwenye kabati la chini karibu na sinki kuna sahani nne na vikombe vinne vya stili. Vimetiwa tone la rangi ya kucha nyekundu kwenye kitako. Hivyo ndivyo vyombo anavyotumia kwa chakula dada wetu wa kazi, fundi bomba, na mgeni yeyote ambaye mama mkwe humwita "wa nje". Nimeolewa miaka 11 na sijawahi kusema neno. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka saba aliniuliza kwa nini kikombe cha dada kina alama. Nikamwambia ni ili kisipotee.

Wenzangu wanane wataingia nyumba hiyo. Walinilisha kwenye sahani zao. Nipike nini, shangazi? Na niwapakulie kwenye nini? Au nijitoe kwenye kikundi kimyakimya?

Mpishi wa Zamu, Upanga

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na njaa, na nakulaumu kwa hilo.

Nikurudishie nilichosikia, unisahihishe nikikosea. Unataka kuwapikia marafiki zako chakula ulicholelewa nacho. Wao wanataka kingine, mumeo hataki usumbufu, na mama mkwe anakionea haya chakula chenyewe. Chini ya hayo yote kuna sahani nne zenye tone jekundu. Umeanza kwa kuniuliza upike nini, lakini nadhani ukilala usiku huuoni uwele kichwani.

Nianze na biriani, kwa sababu ndiyo rahisi. Wenzako wanadhani wanakuomba chakula cha kwenu. Biriani wanayoijua wao, ya wali kando na mchuzi wake mzito wa nyama, vitunguu vya kukaanga vimemwagwa juu, ni ya harusi za pwani hii. Dada wa Kilwa na wa Pemba wanaipika kukushinda, usiniudhikie. Nao wakiagiza "chakula cha Kihindi" hotelini wanaletewa mikate ya tanuri na kuku wa mchuzi wa siagi, vitu vya Punjab na Delhi. Nyumba za Kigujarati zenye tanuri la udongo mimi sizijui. Kwa hiyo ukiwapa biriani utakuwa umewapa cha kwao kwa jina lako. Si dhambi. Watu hufanya hivyo kila siku ili jioni ipite salama. Ila ujue kwamba hawakukataa chakula chako. Hawajui kama kipo.

Na hilo nakuuliza kwa upole: watajuaje? Khichdi ulikwenda nayo ofisini peke yake, kwenye kikopo, bila kadhi (ule mchuzi wenu wa mtindi), bila achari, bila papadi. Hata kwenu hicho ndicho chakula cha mwenye homa. Yule wa Pemba angekiona mezani, cha moto, kimemiminiwa samli, angekwambia huu ni mseto, maana pwani wali na choroko tunaupika tangu zamani, tunauponda na tui la nazi. Aliyekuuliza kama unaumwa alikuwa karibu na ukweli kuliko ulivyodhani.

Uwele nao una habari yake. Mama mkwe anasema ni chakula cha wachunga mbuzi. Ofisini kwenu walisema ni rangi ya saruji. Nchi mbili, nafaka moja, na aibu ile ile. Uwele huvumilia ardhi kavu ambako mahindi hufa, ndiyo maana unawakuta Wagogo nao na unawakuta watu wa Kathiawad nao. Yule dada wa Dodoma aliubeba mpaka mezani pake akijua atataniwa. Sijui alilala vipi usiku wa kuamkia siku ile. Wewe ndiye peke yako uliyekuwa na la kumwambia, nawe ukaenda kulia chooni. Sikulaumu. Lakini mpaka leo yeye anadhani waliokipenda chakula chake hawakuwapo.

Sasa tuje jikoni. Nina rafiki yangu wa Kigujarati tuliyesoma naye Tanga, nimempigia simu nikamsomea barua yako bila kutaja Upanga. Alicheka, akanyamaza, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Rotlo haingoji. Unga wa uwele hauna mnato kama wa ngano, ukipoa mkate unakuwa mgumu kama kigae, basi unapigwa na kuokwa wakati watu wameshakaa, na mlaji mzuri wa rotlo hukaa karibu na jiko. Kuwalisha watu tisa maana yake ni wewe usimame motoni jioni nzima huku wenzako wakiongea sebuleni na mama mkwe. Au wao waje jikoni, mmoja apige, mmoja aoke, mmoja apake siagi. Yaani chakula ulichokichagua kinataka watu waingie mahali ambapo nyumba yenu haiwaingizi. Sijui kama moyo wako ulilijua hilo ulipokuwa unachagua.

Ukitaka kulikwepa, kuna thepla, zile chapati nyembamba za majani ya uwatu, zinazokaa siku mbili tatu na ndizo wazee wenu walizofunga safarini. Unazipika asubuhi. Kadhi ya mtindi na unga wa dengu nayo inapashwa tu, taratibu isikatike. Biringanya la kuchoma likikaa saa mbili ndiyo viungo vinaingia. Mlo huo unawezekana bila mtu kuvuka mlango wa jikoni. Ni mlo mzuri. Hautakuwa ule uliokuliza, lakini si kila jioni lazima iwe kubwa.

Kuhusu nyama sina wasiwasi sana. Mlenda ulioula Januari haukuwa na nyama. Tena meza isiyo na nyama ni meza ambayo Mwislamu haulizi nani kachinja, na Msabato hafunui vifuniko kwa mashaka. Atakuwepo mmoja wa kusema "mboga tu?" Mwache aseme, kisha umsogezee ile chatne ya kitunguu saumu.

Ah, kitunguu saumu. Hapo ndipo nakuomba uende polepole, maana katika barua yako umeyaweka makatazo yote ya mama mkwe kwenye kapu moja, nami nayaona ni matatu tofauti. La kwanza ni kitunguu, kitunguu saumu na nyama. Hiyo ni imani yake. Rafiki yangu ananiambia wafuasi wengi wa njia yake hata mvuje hawatii, na kwamba chakula hutengwa kwanza kwa Mungu kabla ya mtu kuonja, ndiyo maana jiko lenyewe lina heshima ya mahali pa ibada. Mwanamke aliyelinda jiko lake hivyo maisha yake yote, kumtwangia kitunguu saumu puani kwa sababu una wageni ni kumvunjia. Bibi yako alipika kwa kitunguu saumu, mama mkwe hapiki nacho, na wote wawili ni Wagujarati. Nyumba yako imebeba mapishi mawili, na hilo peke yake ni la kuwasimulia wenzako. Biringanya linaweza kupikwa kwa tangawizi na pilipili mbichi tu. (Rafiki yangu anasema Ba wako angelisukuma sahani. Nakuachia.) Au chatne itwangwe kwa mwenzako, ije kwenye chupa, ikae mezani, isikanyage jikoni. Angalieni pia kalenda yake: ikiwa Jumamosi hiyo imeangukia Ekadashi, yeye siku hiyo nafaka haigusi, na kumpikia uwele puani akiwa amefunga si adabu. Tena ikiwa ni ile miezi yao minne ya masika ya India, wengi wao hata biringanya huliacha.

La pili ni hofu ya kuchekwa. Aliposema "watasema", nilisikia mtu aliyewahi kusemwa. Umewahi kumuuliza alikula nini utotoni? Mtu hakionei haya hivyo chakula asichokijua. Pengine mama yake mwenyewe aliupiga huo uwele kwa viganja. Muulize siku ambayo hakuna mgeni anayetajwa, mkiwa mnachambua dengu.

La tatu ni sahani. Na hili, mwanangu, siwezi kuliweka pamoja na yale mawili. Hakuna kitunguu saumu kwenye kikombe cha dada wa kazi.

Nitakuambia langu. Nilikulia Tanga, ukuta mmoja na familia ya Kihindi. Mama yangu alikuwa akiwapelekea vitumbua, na kwa kuwa sahani hairudi tupu, ilirudi na ladu au na vile vikeki vya dengu vya chumvi. Tulipendana, sitanii. Lakini miaka yote ile sikuwahi kupita barazani. Nilisimama pale na sahani nikingoja ichukuliwe. Sikumbuki kuchukia. Nakumbuka vigae: vyekundu 14 kwa urefu, 9 kwa upana. Mtoto anayehesabu vigae anajua kitu hata kama hajaambiwa, na mtoto wa miaka saba aliyeuliza habari ya kikombe naye anajua. Ulimjibu "ili kisipotee". Nimekaa na neno hilo tangu juzi. Sikuhukumu, ningeweza kulisema mwenyewe. Najiuliza tu kama yeye alilikubali, au amelipokea kwa heshima kama sisi tulivyopokea ladu.

Unazo njia, nami nitazipitia nawe nikikuonyesha mashimo yake.

Unaweza kununua sahani za karatasi, zote tisa sawa, hakuna atakayeona chochote. Usiku huo utapita. Watakaobaki kuzikusanya ni wewe na dada wa kazi, na yeye kesho asubuhi atakunywa chai kwenye kikombe chake. Mimi siwezi kukuambia kama hilo litakuuma au utalizoea. Umelizoea miaka 11.

Unaweza kuomba zamu yako ifanyike kwa yule wa Dodoma, mpike uwele wote wawili, yeye ugali, wewe rotlo, jiko la mkaa uani, watu wanane wakipigana vikumbo. Naiona hiyo jioni na natamani nialikwe. Kitunguu saumu ruksa, mama mkwe hakuguswa. Shimo lake ni kwamba wenzako wote wamefungua milango yao, na wewe umeshakwepa mara mbili. Wanawake wanane wa ofisi moja wamehesabu, amini usiamini. Huenda mmoja ameshajiuliza kwa nini hajawahi kufika kwako, akajijibu mwenyewe, na jibu alilojipa likawa baya kuliko ukweli. Ukienda kwa njia hii, nadhani angalau yule wa Dodoma itabidi umwambie kwa nini, kwa mdomo wako, pamoja na habari ya chooni.

Unaweza kuwaleta nyumbani na kuwapakulia kwenye sahani zenu za siku zote bila kumwambia mtu, liwalo na liwe. Ni ujasiri, lakini mama mkwe atalipata hilo mbele ya wageni, na mzee akiaibishwa mbele ya watu hujibu kwa namna ambayo hata yeye kesho yake angependa isingetokea. Anayeweza kuumia hapo si wewe peke yako. Wanane hao wanaweza kulisikia neno lisilosahaulika, kwa Kigujarati au kwa kuguna tu.

Au unaweza kulisema kabla. Si habari ya chakula wala ya wageni, ya vikombe. Na hapa namtafuta mtu mmoja ambaye katika barua ndefu hivi amepewa sentensi moja: mumeo. "Agiza, wale, iishe." Yule ni mama yake. Alizikuta sahani zile kabla yako. Kwa nini ni wewe, mgeni wa nyumba ile kwa miaka 11, ndiye unayelibeba? Huenda naye analibeba upande wake na hajui kwamba wewe hupati usingizi. Shimo liko hapa pia: mama akiona mwana na mkwe wamekuja pamoja anaweza kuhisi amezingirwa kwake mwenyewe. Wengine hulegea wakiambiwa na mtoto wao peke yake. Wengine hulegea wakiombwa na mjukuu. Wengine hawalegei, na hapo utabaki na swali la nini utafanya na kabati lile akiwa bado anaishi nawe, akikulelea watoto, akikufungia ukanda wa sari siku za sherehe. Sikuahidi kwamba atabadilika. Naweza kukuambia tu kwamba imani yake haikumwagiza kutia rangi ya kucha kwenye vikombe, na mtu anaweza kuendelea kulinda jiko la Mungu wake na bado vyombo vyote vikaoshwa kwenye maji mamoja. Nimeziona nyumba zifanyazo hivyo, za watu wa dini ile ile.

Kujitoa kikundini kimyakimya umekutaja mwishoni kama kitu kidogo. Mimi nakiona ndicho ghali kuliko vyote, lakini wewe ndiye unayejua unachoweza kukibeba mwezi huu. Watoto, kazi, mama mkwe: sio kila mwaka ni mwaka wa kugusa kila kitu. Unaweza kuanza na thepla na usiguse kabati. Unaweza kuanza na kabati na usialike mtu. Hakuna aliyekuwekea tarehe ila wewe mwenyewe, na dada wa kazi ambaye hajaulizwa kitu.

Uwele mzuri ukiutafuta Kariakoo, ununue uliosagwa karibuni. Rafiki yangu anasema unga wake ukikaa wiki kadhaa huingia uchungu. Nami nina ombi la pembeni. Hizo sahani nne, siku utakapozitoa kabatini, kwa kuzifutia lile tone au kwa kuzirudisha palepale, niandikie. Na mwanao akiuliza tena, niandikie ulimjibu nini safari hii.